Redio ya Intaneti Yanyamaza, Mwimbaji Naye Hajalipwa

Mwaka 2014 alipofariki Mohamed Khamis Juma Bhalo, mwimbaji ambaye hapana mtu wa Pwani wa rika langu asiyeijua sauti yake, nilipigiwa simu usiku na mpwa wangu aliyeko Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani. Kijana huyu alikwenda huko kusoma, akapata kazi, akaoa, na katika chumba cha chini cha nyumba yake akafungua redio. Nasema redio, lakini hakuwa na mlingoti wala mitambo ya kurusha mawimbi. Alikuwa na kompyuta moja, kipaza sauti, na sanduku la kanda za taarabu aliloachiwa na marehemu baba yake. Sauti ilitoka katika kompyuta ile ikaingia katika intaneti, na aliyetaka kuisikia, awe Columbus au Toronto, London au Maskati, alifungua simu yake akasikia.

"Shikamoo mjomba," akaniambia. "Habari ya msiba imenifikia. Nataka nizipige nyimbo za Juma Bhalo usiku kucha, tangu magharibi hadi alfajiri, lakini naambiwa siwezi."

Nilimjibu kwamba kwanza amsomee marehemu Fatiha, mambo ya nyimbo yangengoja. Kisha nikamuuliza ni nani huyo aliyemkataza. Nilidhani pengine ni jirani aliyechoka na makelele.

"Si jirani, mjomba. Ni sheria."

Sikuamini, na kwa kuwa mimi ni mtu wa magazeti nikaanza kutafuta na kuuliza. Kumbe kijana alisema kweli. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998, ile iliyowekwa kuilinda hakimiliki katika zama hizi za kompyuta, yampa mwenye redio ya intaneti ruhusa ya kupiga santuri yoyote iliyokwisha kutolewa kwa umma, pasi na kumwendea mwenyewe kumwomba, mradi alipe ada iliyowekwa na ayashike masharti. Na miongoni mwa masharti hayo ni kwamba katika muda wa saa tatu asipige zaidi ya nyimbo nne za mwimbaji mmoja, wala asifuatanishe zaidi ya tatu. Nyimbo za albamu moja zisizidi tatu, wala zisifuatane zaidi ya mbili. Tena asitangaze mapema kwamba wimbo fulani utapigwa saa fulani.

Waliotunga masharti hayo walichelea kwamba msikilizaji akijua mwimbaji wake atapigwa saa ngapi, atakaa tayari ainase sauti, kisha asinunue tena. Hofu hiyo yaweza kuwa na maana kwa nyimbo za Kimarekani za dakika tatu. Kwetu sisi udi peke yake waweza kuchukua dakika mbili kabla mwimbaji hajafungua kinywa, na wimbo mzima ukenda dakika kumi. Basi nyimbo nne ni dakika arubaini, na baada ya hapo kijana alitakiwa amweke kando Juma Bhalo mpaka saa tatu zitimie, hali matanga yenyewe yalikuwa hayajaanza.

Usiku ule alipiga nne, akanyamaza, akapiga za wengine, akarejea. Alinieleza kesho yake kwamba msikilizaji mmoja wa Toronto alimwandikia kwa ukali akimuuliza ni adabu gani hiyo ya kumkatiza maiti.

Nimekianza kisa hiki kwa sababu wengi wetu twadhani intaneti ni bahari isiyo na mwenyewe, ambamo kila mtu huvua atakacho. Sivyo. Kila wimbo una ushuru wake, na ushuru huo ndio utakaoamua ni redio zipi zitaishi na zipi zitakufa. Nami sisemi kwamba ushuru usiwepo. Mimi ni mtunzi wa mashairi, na mtunzi hawezi kuitetea dhuluma inayomla yeye mwenyewe. Tumefundishwa tangu chuoni kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Wako mashekhe wetu wanaosema ujira wa nyimbo wenyewe una walakini. Hao nawaheshimu, na mjadala wao nauacha uendelee pale unapostahili. Nisemalo ni kwamba wimbo ukishauzwa, na pesa zikishaingia mfukoni, lile swali la mfuko wa nani ni swali la haki.

Sasa natutazame haki yenyewe ilivyogawanywa huko Marekani, maana huko ndiko vita vya redio za intaneti vilikopiganwa kwa ukali zaidi.

Jambo la kwanza litakalomshangaza msomaji ni kwamba redio za kawaida za Marekani, zile za AM na FM, hazimlipi mwimbaji wala mpiga ala hata senti moja kwa kuipiga santuri yake. Humlipa mtunzi wa maneno na sauti tu, kwa kupitia vyama kama ASCAP na BMI. Hoja yao tangu zamani ni kwamba redio humtangazia mwimbaji bidhaa yake bure, kwa hiyo yeye ndiye anayefaidika. Waimbaji wamelalamika miaka na miaka, na bunge lao halijawasikia.

Lakini mwaka 1995, intaneti ilipoanza kushika kasi, bunge hilo hilo liliweka haki mpya kwa santuri zinazosafirishwa kwa njia ya dijitali. Na kwa sheria ile ya 1998 mwenye redio ya intaneti alitakiwa alipe mara mbili: mtunzi fungu lake, na mwenye santuri pamoja na mwimbaji fungu lao. Matokeo yake ni kwamba redio kubwa ya FM yenye matangazo ya biashara kila robo saa hulipa upande mmoja, na kijana wa chumba cha chini, ambaye tangazo lake pekee ni la duka la nyama ya halali, hulipa pande zote mbili. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kumlipa mwimbaji ni jambo jema, na redio ya intaneti ndiyo iliyolianza. Kosa ni kwamba wema huo ulitwikwa mdogo, na mkubwa akaachwa atembee mikono mitupu.

Ada yenyewe huhesabiwa kwa kila wimbo na kwa kila msikilizaji. Ukipiga wimbo mmoja na wasikilizaji ni 100, umepiga mara 100. Mwaka 2002 ilitangazwa kuwa dola 0.0007 kwa kila mara. Wadogo wakapiga kelele, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya kuwaruhusu wafanye suluhu: walipe kwa kadiri ya pato lao. Kwa mujibu wa suluhu hiyo, katika miaka ya 2003 na 2004 walilipa asilimia 10 ya dola 250,000 za mwanzo na asilimia 12 ya zilizozidi, au asilimia 7 ya matumizi yao, lolote lililokuwa kubwa. Mpango huo haukuwa mbaya. Asiyepata hakukamuliwa, na aliyepata alitoa.

Machi 2007 majaji watatu wa Bodi ya Mirabaha ya Hakimiliki wakatoa hukumu iliyowatia watu kiwewe. Ada itakuwa dola 0.0008 kwa mwaka 2006, ipande kila mwaka hadi ifike dola 0.0019 mwaka 2010, na kila kituo kilipe angaa dola 500 kwa mwaka. Asilimia ya pato ikafutwa. Na, kama ulivyoona msomaji, hukumu ilitolewa 2007 na deni likaanza kuhesabiwa tangu Januari 2006. Mtu alikuwa amekwisha kupiga nyimbo mwaka mzima kwa hesabu moja, akaambiwa hesabu ni nyingine.

Tarehe 26 Juni 2007 redio nyingi za intaneti za Marekani zilinyamaza kutwa nzima kwa makusudi, ili wasikilizaji waonje ladha ya kimya. Waliandika barua kwa wabunge wao. Mwaka 2008 na 2009 bunge likapitisha sheria za kuruhusu masikilizano mapya, na wadogo wakapata nafuu hadi mwisho wa mwaka 2015.

Ni katika miaka hiyo ya nafuu mpwa wangu alipofungua redio yake. Alikuwa chini ya mwavuli wa kampuni moja iliyowakusanya wenye vituo vidogo, kila mmoja akilipa ada yake ya mwezi, na kampuni ikabeba mzigo wa leseni. Hakuwa na haja ya kujua haya yote niliyoyaeleza. Alijua kupanga kanda zake na kusalimu wasikilizaji.

Nafuu ilipokwisha, haikuletwa nyingine kwa wakati. Desemba 2015 majaji walitangaza ada ya miaka mitano iliyofuata, kuanzia dola 0.0017 kwa kila wimbo na kila msikilizaji kwa redio zisizotoza kiingilio, na mlango wa asilimia kwa wadogo ukafungwa. Mwisho wa Januari 2016 Live365, kampuni iliyokuwa imebeba maelfu ya vituo vidogo, ilizima mitambo. Mwaka 2017 jina hilo lilifufuliwa chini ya mwenyewe mwingine, lakini vituo vingi vilivyokufa havikurudi. Cha mpwa wangu kilinyamaza majira hayo hayo.

Nilimwomba anifanyie hesabu, maana dola 0.0017 si kitu, ni chini ya sehemu ya tano ya senti moja ya Marekani. Tulikaa kwenye simu, yeye na kikokotozi chake, mimi na kalamu. Tuchukue wasikilizaji 50 walioko Marekani, kwa wastani, mchana na usiku. Redio ya nyimbo fupi hupiga kama 15 kwa saa. Mara 24, mara 50, ni mara 18,000 kwa siku. Zidisha kwa ada: dola 30 na senti 60. Kwa mwaka wa siku 365 ni dola 11,169.

"Lakini sisi nyimbo zetu ni ndefu, mjomba," akasema, na nikamsikia akicheka. Kwa nyimbo sita kwa saa inakuwa mara 7,200 kwa siku, dola 12 na senti 24, na kwa mwaka dola 4,467. Wazee wetu waliorefusha vipande vya fidla hawakujua kwamba wanampunguzia mtu deni. Hata hivyo dola 4,467 zilikuwa kama shilingi 450,000 kwa sarafu ya wakati ule, na hapo mtunzi hajalipwa fungu lake, wala mtambo wa kubebea sauti haujalipiwa. Michango ya wasikilizaji wake haikufika hata nusu. Wasikilizaji 50 ni watu wa msikiti mdogo. Kituo chao kikafungwa kwa sababu hawakuwa 50,000.

Na hao ni wa Marekani tu. Leseni ya Marekani haivuki mipaka ya Marekani. Msikilizaji wa London yuko chini ya sheria ya Uingereza, na huko kuna PPL wa kudai haki za santuri na PRS wa kudai haki za watunzi. Wa Toronto ana yake. Ni kama jahazi la zamani lililotoka Sur kuja Lamu: bahari ilikuwa moja, lakini kila bandari ilikuwa na forodha yake. Pandora, kampuni kubwa ya redio ya intaneti iliyoanzishwa mwaka 2000, ilipoona uzito huo iliamua mwaka 2007 kuwafungia mlango wasikilizaji walio nje ya Marekani, kwa kuwa hakukuwa na leseni moja ya dunia nzima. Kampuni yenye mawakili ilishindwa na bandari hizo, sembuse kijana aliyekuwa akitangaza baada ya kutoka kazini.

Wako watakaosema: vyema, wadogo wamekufa, lakini angalau waimbaji wamelipwa. Hapa ndipo nilipotaka kufika, msomaji wangu, kwa sababu hapa ndipo uchungu ulipo.

Shirika linalokusanya ada za santuri huko Marekani huitwa SoundExchange. Mgao wake umewekwa na sheria, na kwa kweli ni mgao wa heshima. Nusu huenda kwa mwenye santuri, asilimia 45 humwendea mwimbaji mkuu yeye mwenyewe, bila kupitia mkononi mwa kampuni, na asilimia 5 iliyobaki ni ya wale wa nyuma: asilimia 2.5 waitikiaji, asilimia 2.5 wapiga ala. Niliposoma hayo nilimkumbuka kila mpiga dumbaki niliyepata kumwona amejikunja pembeni mwa jukwaa la harusi. Ana fungu, kwa sheria ya Marekani, kama angejulikana.

Kama angejulikana. Kwa maana ili fungu limfikie mtu, mwenye redio hutakiwa apeleke ripoti ya nyimbo alizopiga: jina la mwimbaji, jina la wimbo, jina la albamu, kampuni iliyoitoa. Mpwa wangu aliponiletea orodha yake nimsaidie, niliikuta ina mapengo kama kinywa cha mzee. Zile za santuri hazikuwa na tabu. Santuri zetu zina historia ndefu, tangu Siti binti Saad alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodiwa na His Master's Voice, na karatasi ya santuri husema ni ya nani. Kanda ndizo zilizotushinda. Taarabu ya Mombasa kwa miaka mingi imeenea kwa kanda za harusi: mtu huja na tepu rikoda, huiweka mbele ya jukwaa, na wiki inayofuata kanda iko dukani. Juu ya kanda moja kijana alikuta maneno haya kwa penseli: Harusi, Majengo, 1983. Basi. Harusi ya nani, nani aliimba, nani alipiga fidla, shairi la nani, hapana. Mahali pa kampuni ataandika nini? Mahali pa albamu ataandika harusi?

Na fedha zisizo na mwenyewe haziningojei mimi wala wewe milele. Shirika humtafuta mwenyewe, na ikipita miaka mitatu hakuonekana, kanuni zaruhusu fedha hizo ziingizwe katika gharama za kuendesha shirika. Sisemi ni wizi. Nasema ni kisima kilichochimbwa kwa ajili ya wenye majina, na sisi tulikwenda kisimani bila ndoo.

Nina yangu katika jambo hili, na sitalificha. Mwaka 1996 nilitunga shairi kwa ajili ya harusi ya binamu yangu. Kikundi kimoja kilichoalikwa kililipenda, kikalitia sauti, likaimbwa usiku ule nami nikifurahi kama mtoto siku ya Idi. Baada ya miezi michache nililisikia katika teksi. Nikamuuliza dereva kanda ile kaipata wapi, akanitajia duka. Nilikwenda, nikainunua kwa pesa zangu. Jina la kikundi lilikuwepo, jina la mwimbaji lilikuwepo, na picha ya ua waridi ilikuwepo. Jina langu halikuwepo. Nilimwendea kiongozi wa kikundi. Alinikaribisha vizuri, akanipa kahawa na halua, akaniambia, "Wewe ni ndugu yetu, mashairi yako ni yetu." Nilikunywa kahawa nikarudi nyumbani. Na miaka karibu ishirini baadaye wimbo huo ulikuwa katika orodha ya mpwa wangu, na mbele ya neno mtunzi alikuwa ameandika: hajulikani.

"Mjomba," akaniuliza, "huu nao waujua?"

Katika taarabu mtunzi ndiye mtu wa kwanza kusahauliwa, kwa sababu hasimami jukwaani. Wala si kwetu tu. Mwaka 2013 mwanamuziki wa Marekani, David Lowery, alitangaza kwamba wimbo wake mmoja ulipigwa na Pandora zaidi ya mara milioni moja katika robo ya mwaka, na fungu lake la utunzi likawa dola 16 na senti 89. Yeye jina lake lilijulikana, ripoti ilikuwepo, chama kilikuwepo, na bado akapata bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Lakini alipata, na kwa sababu alipata aliweza kuionyesha karatasi na kupiga kelele. Mtunzi wa kanda ya harusi hana karatasi ya kuonyesha.

Hapa Kenya sheria yetu, naisifu inapostahili, ni njema kuliko ya Marekani katika jambo moja kubwa. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 na marekebisho yake, redio ya kawaida yatakiwa imlipe mtunzi, na mwimbaji, na mwenye santuri, wote watatu. Ndiyo maana kwa miaka mingi tulikuwa na vyama vitatu: MCSK cha watunzi, KAMP cha wenye santuri na PRISK cha waimbaji na wapiga ala, na juu yao Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Mwaka 2022 bunge letu likaongeza kwamba katika miito ya simu msanii asipate chini ya asilimia 52. Hayo ni maandishi mazuri. Lakini mtu yeyote anayesoma magazeti ajua kwamba vyama hivyo vimeishi kwa magomvi. Mwaka 2017 Bodi iliinyima MCSK leseni ikakipa chama kingine, watu wakaenda mahakamani, na mwenye hoteli au mwenye matatu hakujua amlipe nani. Malalamiko ya waimbaji kuhusu mgao hayajaisha hata leo. Na redio zetu za Pwani zinazopiga taarabu kila Ijumaa mchana, ni ngapi zinazoandika jina la mpiga ganuni?

Naona, basi, kwamba vita vya ada vimepiganwa nusu. Upande mmoja wasema ada ishuke ili redio ziishi, upande wa pili wasema ipande ili wasanii waishi, na wote wahesabu senti kana kwamba zina miguu ya kumfuata mwenyewe hadi Old Town. Mimi ningependa wadogo walipe kwa asilimia ya wanachokipata, kama ilivyokuwa katika suluhu ile ya mwanzo, kwa sababu redio ya watu 50 ikifungwa, mwimbaji hapati ada ndogo wala kubwa, na isitoshe sauti yake husahauliwa. Lakini asilimia hiyo iandamane na ripoti iliyojaa majina. Redio ya kijana yule, katika miaka yake miwili mitatu, ilifanya kazi ambayo hakuna kampuni iliyojali kuifanya: wasikilizaji wenyewe walikuwa wakimwandikia. Bibi mmoja wa Maskati alimpa jina la mwimbaji wa kanda tatu. Mzee mmoja wa London alimsahihisha kwamba wimbo fulani si wa fulani, ni wa kaka yake. Redio ilipofungwa, na barua hizo zilikoma.

Wasikilizaji wale wamekwenda wapi? Wamekwenda kwa makampuni makubwa, YouTube na Spotify na wenziwe, ambako kila mtu huuchagua wimbo autakao. Huko Juma Bhalo waweza kumsikiliza hadi alfajiri bila ya sheria ya nyimbo nne. Lakini tazama nani amempandisha hapo. Mara nyingi ni mtu tu aliyekuwa na kanda na kompyuta, ameweka picha ya machweo ya jua, na chini yake ameandika taarabu ya zamani. Aliyeipandisha ana jina. Aliyeimba hana.

Mapema mwaka huu mpwa wangu alinipigia tena. Sasa ana watoto wawili na mvi chache ndevuni, na anataka kuifungua redio upya. Nilimwonya. Kuanzia 2021 kima cha chini kilipandishwa kutoka dola 500 hadi 1,000 kwa mwaka kwa kila kituo, na ada ya kila wimbo ikaanza dola 0.0021. Alinijibu kwamba ayajua yote hayo, na kwamba safari hii atatangaza saa nne tu kila Jumamosi usiku, si mchana na usiku kama zamani, na kwamba wenziwe kumi wamekubali kuchanga kila mwezi. Lililomfanya anipigie lilikuwa jingine. Alitaka, kabla hajapiga wimbo hata mmoja, kila kanda iwe na majina.

Basi amezigeuza zile kanda zote kuwa za kompyuta na kuniletea, na kila Alhamisi baada ya alasiri mimi huzichukua na kwenda kwa mzee mmoja hapa mtaani aliyepata kupiga dumbaki katika vikundi vitatu. Macho yake yameingia ukungu, lakini masikio ni mazima. Huketi barazani, nami humwekea simu karibu na sikio. Mara nyingine hutaja jina kabla mwimbaji hajaanza, kwa kuusikia mkono wa mpiga udi. Mara nyingine hunyamaza kitambo, akaniambia niirudishe nyuma. Tumeandika majina ya kanda 41. Shairi langu la 1996 limo, na safari hii pale palipoandikwa hajulikani nimelitia jina langu kwa mkono wangu mwenyewe, na jina la mwimbaji, na la kiongozi wa kikundi aliyenipa kahawa, maana yeye ndiye aliyelitia sauti.

Ile ya Majengo ya 1983 bado. Mwimbaji mzee amemtambua, na ni marehemu. Wanawe tumewapata. Mpiga fidla ndiye aliyetushinda. Katika wimbo wa pili, baada ya ubeti wa tatu, anaacha sauti ya wimbo na kwenda peke yake muda mrefu, kisha anakohoa, na watu wanasikika wakicheka na kumtunza. Mzee asema hakuwa mtu wa Mombasa, pengine alikuja na jamaa wa bwana harusi kutoka Malindi au Lamu. Iwapo katika wasomaji wa ukurasa huu kuna aliyehudhuria harusi hiyo, au aliye na baba au ami aliyepiga fidla Majengo mwaka huo, na aniletee habari kwa kupitia gazeti hili. Jumamosi ya kwanza ya redio imewekwa baada ya Idi, na kijana amesema kanda hiyo hataipiga kabla.